Fundi Asiyerudi

Ukitaka darasa la Shule ya Sabato lichangamke, waulize washiriki ni nani kati yao ana ndoo chini ya sinki akimsubiri fundi. Mikono itainuka. Kila mmoja ana kisa chake: fundi aliyechukua fedha za vifaa akazima simu, fundi aliyetengeneza koki ya jikoni na kuiacha ya bafuni ikivuja, fundi aliyesema asubuhi "niko njiani" na jioni bado yuko njiani. Tutacheka, kisha tutafungua lesoni kana kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Naamini yanahusiana. Nyuma ya kicheko hicho kuna swali ambalo Mkristo hawezi kulikwepa. Mtu aliyevunja ahadi yake kwangu, nami nikamsamehe, je, nina wajibu wa kumwamini tena?

Nianze na nyumba yangu mwenyewe. Bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi lilianza kuvuja kwenye kiungio, nyuma ya sinki la jikoni, na koki ya kufungia maji ilikuwa imeganda kwa kutu. Ndoo ya lita 20 ilijaa kila baada ya saa mbili. Hizo ni lita 240 kwa siku, na usiku mimi na mama watoto tulipokezana kuamka kuimwaga. Nilimwita kijana mmoja fundi bomba, mwenye mikono mizuri. Alitazama, akasema kiungio kile hakikuchomwa vizuri tangu mwanzo. Wanaoijua kazi hii wataelewa: mabomba haya ya plastiki huunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto. Ukiyatoa mapema hayashikani sawasawa. Ukiyachelewesha, plastiki huvimba ndani na kuziba njia ya maji. Tofauti ni sekunde chache tu. Na kosa halionekani siku ile. Linaweza kujitokeza baada ya miezi, wakati fundi ameshalipwa na ukuta umeshapakwa rangi. Ndiyo maana sijui kazi nyingi zinazodai uaminifu kuliko ya fundi bomba, maana anachokifanya hufukiwa.

Nilimpa shilingi 70,000 za vifaa. "Kesho asubuhi, mwalimu," akasema. Zikapita wiki tatu. Leo yuko njiani, kesho mashine ameiazimisha, keshokutwa simu haipatikani. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, na kwa aibu nakiri kwamba mengine niliyaandaa nikiwa nimepiga magoti.

Katika siku hizo ndipo nilipokuwa nikiandaa somo juu ya mfalme Yoashi. Soma 2 Wafalme 12:4–15. Nyumba ya Bwana ilikuwa imebomoka mahali pengi. Mfalme aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuitengeneza. Watu walitoa. Lakini mpaka mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yalikuwa bado yako pale pale. Hiki ndicho kisa cha Biblia kuhusu ukarabati usiokwisha, na nilikisoma mara nyingi kabla sijagundua jambo moja: hakuna seremala wala mwashi anayelaumiwa ndani yake. Fedha zilikuwa zimekwama juu, kwa watu wa ibada. Makuhani walipoacha kuzishika, na fedha zikawafikia wasimamizi na kupitia kwao mafundi, kazi ilifanyika.

Niliona ni wazo zuri la kufundishia. Sikuona kwamba linanihusu.

Ijumaa moja, yapata saa kumi jioni, kijana alitokea mlangoni. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyeitaka salamu. Nilimuuliza fedha zangu ziko wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alinunulia mabomba ya kazi nyingine aliyokuwa ameahidi kuimaliza, kwa sababu fedha za kununulia mabomba hayo zilikuwa zimekwama kwa mteja ambaye hajamlipa miezi minne. Mteja gani? Hakutaka kumtaja. Nilipombana, akasema: "Ni kanisani kwenu, mwalimu. Vile vyoo."

Nilikuwa kwenye baraza la kanisa lililoahirisha malipo yale. Tuliahirisha mara tatu. Shilingi 180,000 zilikuwepo katika mfuko wa ujenzi, lakini tulitaka kwanza rangi ya ukumbi ikamilike kabla ya ziara ya wageni, tukasema fundi ataelewa. Kijana huyu si muumini wetu. Alichokijua juu ya Waadventista ni kwamba hawafanyi kazi Jumamosi, na kwamba hawajamlipa.

Sasa tusikimbilie kumtakasa. Ndugu mmoja niliyemsimulia alisema, "Basi, kumbe hakuwa na kosa." Sikubaliani naye. Fedha zangu nilimpa kwa kazi yangu, akazitumia kwingine bila kuniambia. Na wiki tatu za "niko njiani" zilikuwa uongo. Deni letu halikumlazimisha kuusema. Bwana Yesu alifundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo (Mathayo 5:37), na hakuwaondoa wanaodaiwa wala wanaodai.

Lakini uongo huo nao una historia yake. Kijana aliniambia kwamba mteja akisikia "leo siwezi, labda Jumatano," hupiga simu kwa fundi mwingine. Akisikia "niko njiani," husubiri. Nilijiuliza: angeniambia ukweli siku ya kwanza, ningefanya nini? Ningemtafuta mwingine, bila shaka, na yeye alilijua hilo. Sisi wateja tumezoea kumwadhibu fundi anayesema kweli na kumvumilia anayetudanganya. Kosa la kudanganya ni lake, ila bei tumeipanga pamoja. Hili darasa lilijadili bila haraka: je, ninaposhindwa kabisa kumvumilia mtu anayesema "siwezi," ninashiriki uongo wake? Hata nyumbani, kwa watoto wetu?

Turudi kwenye swali la kuamini. Msamaha tunaagizwa kuutoa kwa kipimo tulichopewa katika Kristo (Waefeso 4:32), na hausubiri mtu athibitishe kwamba amebadilika. Imani juu ya kazi ya mtu ni jambo jingine. Hujengwa kuanzia mambo madogo (Luka 16:10). Yoashi hakuwafukuza makuhani, wala hatusomi kwamba aliwaadhibu. Alibadilisha utaratibu: sanduku lenye tundu likawekwa kando ya madhabahu, na fedha zikahesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Kwa hiyo sikuona ni kinyongo nilipomwambia kijana kwamba safari hii tutakwenda pamoja dukani na vifaa nitalipia mwenyewe. Yeye mwenyewe alionekana kupumua. Mtu anayezungukwa na madeni, ukimpa fedha mkononi umempa pia jaribu.

Wapo wanaosoma fungu la 15, kwamba wasimamizi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu, wakasema kudai risiti kwa fundi ni ukosefu wa imani. Nadhani wanaruka mafungu matano. Fedha zilikuwa zimeshahesabiwa kabla ya kutoka. Paulo naye, alipobeba changizo la makanisa, hakutaka kwenda peke yake, asije akalaumiwa na mtu (2 Wakorintho 8:20, 21). Hesabu ilimlinda yeye kama ilivyowalinda watoaji.

Na upande wa pili wa utaratibu ni malipo. Sheria ya Musa haikuruhusu ujira wa kibarua ulale kwa mwajiri mpaka asubuhi (Mambo ya Walawi 19:13). Kumbukumbu la Torati 24:14, 15 inataja saa yenyewe: kabla jua halijachwa, kwa maana mtu huyo ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo, naye akimlilia Bwana, ni dhambi kwa aliyemnyima. Tena inajumuisha mgeni, si ndugu peke yake. Sisi tunaolitazama jua la Ijumaa kuliko watu wengi tungepaswa kulisikia fungu hili kwa namna ya pekee. Siku ya Maandalio tunafagia, tunapika, tunapiga pasi, tunang'arisha viatu vya watoto. Katika miaka yote niliyofundisha juu ya Maandalio, sikuwahi kuweka katika orodha kumlipa fundi.

Ijumaa ile muda wa kazi haukutosha. Nilimwomba aje Jumapili saa mbili, nasi tukaipokea Sabato tukiwa na ndoo yetu. Nilimpigia mzee wa kanisa na mhazini, na Sabato jua lilipokwisha kuzama baraza likakutana. Haikuwa rahisi kama ninavyoandika. Mmoja aliuliza kwa nini tumlipe haraka mtu ambaye hata nyumbani kwangu amekula fedha. Nilijibu kwamba hizo 70,000 ni za mimi na yeye kuzimaliza, na hizi 180,000 ni zake. Saa tatu usiku mhazini alimtumia kwa simu, wote tukiangalia. Rangi ya ukumbi haijakamilika hadi leo.

Jumapili fundi hakufika saa mbili. Alifika saa nne. Lakini saa moja na nusu alikuwa amenipigia kusema atachelewa, mashine iko kwa mwenzake upande wa pili wa mji, na kama naona ni mbali nimtafute mtu mwingine. Nikamwambia nitasubiri.