Kalamu na Haki za Watu



Swali tulilozungumza katika darasa letu juma lililopita ni hili: mtu aliyeazimia kuandika kila siku, kisha dunia ikamkatiza kwa ugonjwa, wageni, maziko na harusi, je, azma yake ikivunjika ana udhuru? Na akiufunga mlango wake ili isivunjike, je, amefanya wema au amefanya uchoyo? Wako waliosema kuwa kuandika ni jambo la starehe, haliwezi kusimama mbele ya haki ya jirani. Wako waliosema kuwa asiyeilinda saa yake hatatoa kitu maishani. Nimeona kila upande umeshika kipande cha kweli, nami nataka kuviunga vipande hivyo kwa yale yaliyonipata mwenyewe.

Nilikuwa na ami yangu, nahodha, aliyesafiri na majahazi tangu ujana wake hata uzee. Alijua miamba na milango ya bahari baina ya Lamu na Mombasa, alijua majina ya kale ya kila bandari na kila mlango, na dalili za kugeuka kwa kaskazi na kusi. Nikamwahidi kuwa kila siku baada ya Alasiri nitaketi naye kitambo kidogo, aseme nami niandike. Siku tisa za mwanzo nilitimiza. Siku ya kumi palikuwa na maziko mtaani, nikaenda, na kwenda ni wajibu. Siku ya kumi na moja nikajiona nimechoka kwa shughuli za jana. Ya kumi na mbili wakaja wageni kutoka Malindi. Basi nikasema: juma hili limekwisha haribika, nitaanza mwezi ukiandama. Mwezi ukaandama, nikasema nitaanza baada ya Ramadhani. Kila udhuru ukiutazama peke yake ni mzuri. Ukizikusanya nyudhuru zote ni mwaka mzima uliopotea. Ami hakunilaumu hata mara moja. Aliniuliza tu kila tulipoonana, "Leo umekuja na daftari, mwanangu?" Mwaka ule haukwisha akafa, Mwenyezi Mungu amrehemu, na katika daftari lile mna kurasa 14 tu.

Hebu tutazame ni kitu gani kilichonipoteza. Maziko yalinichukulia Alasiri moja, na Alasiri moja hailipotezi daftari. Kilichonipoteza ni ile siku ya kumi na moja, nilipoona kuwa mnyororo umekatika, nikadhani hapana haja tena ya kuushika. Mtu akiangusha kete moja ya tasbihi haitupi tasbihi baharini. Lakini katika kazi ya kalamu twafanya hivyo kila siku, tena twajiona tuna haki.

Uchungu wa jambo lile ulinitia katika kosa la pili, nalo ni kinyume cha la kwanza. Nilijiwekea saa ya kuandika, nikaifanya kama ngome. Alasiri moja jirani alipiga hodi, nami nikamwambia mwanangu mdogo, "Mwambie baba hayuko." Mtoto akaenda, akasema kama alivyoambiwa. Usiku ndipo nilipojua kuwa yule bwana alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kumpeleka mkewe hospitali. Alimpata mwingine, na mkewe alipona, alhamdulillahi. Lakini mwanangu alikwisha kujifunza kwangu somo nisilokusudia kumfundisha. Ukurasa niliouandika saa ile sikuupasua. Nimeuacha uwe ukumbusho.

Kwa hivyo swali letu halimalizwi kwa kusema andika au usiandike. Twaijua hadithi ya Salman na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awe radhi nao. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku hata mkewe akasahauliwa. Salman alipokuwa mgeni wake alimzuia, akamlaza, kisha mwisho wa usiku akamwamsha wakasali pamoja, akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadiki Salman. Ndugu, angalia kuwa Salman hakumwambia aiache ibada ya usiku. Alimpangia mahali pake. Na ikiwa hata ibada hupangiwa mahali pake isidhulumu wengine, kalamu ni nani hata isipangiwe?

Basi mambo yanayotukatiza nayaona ni namna tatu. Ya kwanza ni haki: mzazi mgonjwa, mtoto alaye homa, jirani aliyefikwa na shida, jeneza. Hayo yakija, weka kalamu chini pale pale, wala usinung'unike moyoni. Ya pili ni mazoea: soga za barazani, simu ya mkononi inayolia kwa kila upuuzi, mgeni aliyekuja kupitisha wakati. Hayo yaweza kungoja, nayo hujibiwa kwa adabu na ukweli: "Ndugu yangu, nina kazi ya nusu saa, karibu kahawa uningoje, au tuonane baada ya Magharibi." Hapana muungwana atakayekasirika kwa jawabu hilo, na mtoto wako atakuwa amesikia baba akisema kweli. Ya tatu ni nafsi yenyewe, inayokwambia, "Leo huna la kusema, pumzika." Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwani hupenda kuvaa nguo za ile ya kwanza. Siku ya kumi na moja nafsi yangu ilikuwa imevaa kanzu ya maziko, ilhali maziko yalikwisha jana.

Na siku ikikatizwa kwa haki, dawa ni kulipa. Tumefundishwa kuwa aliyepitiwa na usingizi akakosa uradi wake wa usiku, kisha akausoma baina ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kana kwamba ameusoma usiku. Katika mafundisho hayo mna huruma na mna nidhamu: mlango haukufungwa, lakini muda wa kulipa ni karibu, haukuachwa mpaka mwezi uandame.

Dawa nyingine ni uchache. Yasimuliwa kuwa Imam Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliandika karatasi 40 kila siku kwa muda wa miaka 40. Tukisikia hayo twastaajabu, kisha twakata tamaa. Lakini tumefunzwa pia kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni kidogo. Fanya hesabu: nusu ya ukurasa kwa siku, siku sita za juma, mwaka utakapokwisha una kurasa 156. Hicho ni kitabu.

Wala tusiseme hayo ni ya watu wa kale tu. Hapa hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932. Alikuwa mwalimu, tena kadhi, na tangu 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya hata alipofariki mwaka 1947. Nani katika mji huu alibishiwa hodi kuliko kadhi? Juu ya hayo aliandika. Makala zake za Sahifa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, na historia ya Mazrui aliyoiandika kwa Kiarabu ilichapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake. Lau angalingoja siku isiyokuwa na mgeni, sisi leo tungesoma nini?

Jawabu langu, basi, ni kuwa aliyekatizwa na haki ana udhuru wa siku ile, na hana udhuru wa siku ya pili yake. Mimi sasa nakwenda kila Alasiri kwa mjane wa ami, na kwa mabaharia wawili wazee waliosafiri naye, nikaandika wanachokikumbuka, japo mistari mitano. Juma lililopita nilikosa siku mbili kwa maradhi ya mama, nikazilipa. Mengi aliyoyajua ami yamekwenda naye, wala sitayapata. Na wewe, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee anayekuuliza kama umekuja na daftari, usingoje mwezi uandame.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kudumu katika kheri ndogo, na atusamehe kubwa tulizoziacha.