Sura Isiyoandikwa Mizaniani: Picha katika Ripoti ya Mwaka kama Matini

Ripoti ya mwaka ya kampuni huzungumza kwa lugha mbili: tarakimu na picha. Suala la kimaadili linalozuka ni iwapo picha yaweza kudai thamani ambayo tarakimu zimekatazwa kuitaja na, ikiidai, ni nani mwenye thamani hiyo.

Katazo lenyewe ni bayana. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu nambari 38, kilichotolewa mwaka 1998, hakiruhusu jina la biashara lililokuzwa na kampuni yenyewe liingizwe katika mizania. Jina lililonunuliwa huruhusiwa. M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007, ni mfano mwafaka. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zililinunua jina hilo kutoka kwa Vodafone kupitia kampuni ya ubia, nalo likapata bei. Imani ya wateja, iliyolipa jina hilo uzito, haina mstari wake mizaniani.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na picha. Na ichukuliwe taswira iliyozoeleka ya wakala kibandani, katika mtaa kama Kangemi, ambao Barabara ya Waiyaki huuunganisha na makao makuu ya Safaricom huko Westlands. Wakala si mwajiriwa wa kampuni; hulipwa kamisheni, na fedha anazozungushia ni mtaji wake. Majirani humwamini kwa kuwa wanamjua. Hata hivyo, kihakiki, ripotini yeye ni mhusika bapa: hana jina wala usemi, ana tabasamu tu. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Huyu yuko kwao, ila tuzo huhesabiwa kwingine.

Yaweza kujibiwa kwamba picha haidanganyi, kwani imani hiyo ipo kweli. Na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mtu kabla data yake haijatumiwa kibiashara. Hoja hizi zina mashiko, lakini hazitoshi. Idhini huhalalisha matumizi ya sura. Haisemi aliyeijenga imani ni nani. Mwanahisa aonaye tabasamu hilo hushawishika kuliona kuwa mali ya kampuni, ilhali kampuni imeliazima tu.

Kwa mintarafu hii, uadilifu wa picha hautegemei ukweli wa kinachoonekana pekee, bali pia maelezo yanayoiandama. Maelezo yanayomtaja wakala, mtaji wake na kamisheni yake yangemrejeshea nafasi ya mtendaji katika matini ambayo sasa humtumia kama pambo.