Uadilifu Usiozuiwa na Mpaka



Huenda mtu akauliza: yatuhusu nini sisi mambo ya mahakama za Ulaya? Jawabu ni kwamba hikima huchukuliwa popote inapoonekana, na dhulma hujulikana popote ilipo.

Zamani, mwenye kutenda jinai katika nchi moja ya Ulaya aliweza kuvuka mpaka akastarehe. Mkataba wa mwaka 1957 uliweka njia ya kuwarejesha watu kama hao, lakini nchi iliweza kukataa kumtoa raia wake, na neno la mwisho mara nyingi lilikuwa la serikali. Aliyedhulumiwa akabaki akingoja.

Mwaka 1999 viongozi wa Umoja wa Ulaya walikutana Tampere, Finland, wakaafikiana kwamba hukumu ya nchi moja itambuliwe na nyingine. Mwaka 2002 wakapitisha hati moja ya kumkamata mtu, nayo ikaanza kutumika mwaka 2004. Tangu hapo shauri hili ni la mahakama na mahakama. Mtuhumiwa akiridhia kurejeshwa, uamuzi hutakiwa katika siku 10; asiporidhia, katika siku 60 tangu kukamatwa.

Hili ni jambo jema. Lakini haraka si uadilifu, na kuaminiana si kufumba macho. Mwaka 2016 mahakama kuu ya Umoja huo, iliyoko Luxembourg, ilitazama kesi za watu wawili waliokuwa Ujerumani, mmoja akitakiwa na Hungary na mwengine na Romania. Ikahukumu kwamba pakiwa na ushahidi wa kuaminika kuwa jela za huko zina hatari ya kumtesa mtu, hakimu asimtoe kwanza, bali aulize na abainishiwe. Hatari isipoondoka, aweza kuusimamisha urejeshaji wenyewe.

Basi tuzingatie. Mtuhumiwa aliye mikononi mwa hakimu ni amana, na mwenye kudhulumiwa naye ana haki yake. Kumficha mkosa kwa kuwa ni jamaa yetu ni khiyana. Na kumsukuma mtu penye mateso kwa kuwa ni mgeni, au kwa kuwa twamchukia, ni dhulma. Dini yetu imetuamrisha uadilifu kwa tumpendaye na tusiyempenda.

Mwenyezi Mungu atuwafikie. Amin.