Sauti ya Umma: Mali au Amana?

Swali la nani mwenye redio ya umma huchukuliwa mara nyingi kuwa la kisheria, kana kwamba jina la mmiliki likishaandikwa kwenye hati mjadala umekwisha. Lakini katika nchi inayozidi kujitawala swali hilo ni la kifalsafa kwanza, kwa kuwa linagusa maana ya neno "umma", yaani watu wote kwa pamoja, ambao si serikali waliyoiweka madarakani.

Historia ya Tanganyika imeacha kitendawili juu ya jambo hili. Matangazo yaliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1951 yalikabidhiwa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, lililoundwa kwa kufuata mfano wa BBC, ambapo chombo huendeshwa kwa fedha za umma bila waziri kukiamulia la kusema. Mwaka 1965 shirika hilo lilivunjwa, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikawekwa chini ya wizara, kwa hiyo nchi ilipopata kujitawala, redio yake ilinyang'anywa kujitawala kwake. Hoja ya viongozi haikuwa ya kupuuzwa, kwani shirika lile lilizaliwa na ukoloni na taifa changa lilihitaji kujengwa; kasoro yake ni kudhani kwamba aliyekabidhiwa kitu amekimiliki.

Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ina fikra tofauti juu ya umiliki. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama, na mkuu wa ukoo huigawa na kuamua migogoro yake bila kuwa na haki ya kuifanya mali yake binafsi. Waislamu wa Morogoro wana neno linalokaribiana na hilo, amana, ambayo ni kitu alichowekewa mtu akitunze, na ambacho mwenyewe akikidai hakuna udhuru wa kukizuia.

Yaliyotokea huko miaka ya 1950 yanaonyesha mamlaka inapozungumza bila kusikiliza. Serikali ya kikoloni, ikihofia mmomonyoko wa udongo, ilianzisha mwaka 1950 mradi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali, na machifu wa mamlaka za wenyeji ndio waliotumwa kuusimamia. Mkulima aliyeshika jembe aliona jambo ambalo bwana shamba hakuliona, au hakutaka kuliona: udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kukata ngazi kulifukia tabaka hilo na kufunua udongo mfu wa chini. Malalamiko hayakupata njia ya kupanda juu. Mwaka 1955 zikazuka ghasia Matombo, polisi wakafyatua risasi na kuua mtu, na mradi ukaachwa. Wenyeji walikuwa wamepewa utawala wao kwa jina tu, kwa maana sauti ilishuka na haikurudi.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, ambamo kipindi kikiisha wanakikundi walijadiliana, kisha wakaamua wenyewe kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Ni kweli kwamba redio ile ilikuwa ya serikali, na ukweli huo unawasumbua wanaodhani hati ya shirika pekee ndiyo huleta uhuru. Lakini majibu ya vikundi yalibaki vijijini, wala hakuna kilichomlazimu mtangazaji kuyasoma hewani yalipompinga waziri. Hapo ndipo hati ya shirika ingekuwa na kazi.

Zanzibar nayo imeonyesha upande mwingine wa jambo hili. Utangazaji haumo katika orodha ya mambo ya Muungano, na Sheria ya mwaka 1997 iliwapa Wazanzibari Tume yao ya Utangazaji. Hata hivyo, kuhamisha funguo za studio kutoka kwa serikali moja kwenda kwa nyingine ni kubadilisha mtunzaji, na mwenye amana bado yuko nje ya mlango. Upande wa Bara, shirika la umma lilirejeshwa kwa jina la Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) kwa amri ya mwaka 2007, na Mkurugenzi Mkuu wake huteuliwa na Rais.