Silaha ya Nani, na kwa Amri ya Nani?

Pale Kidahwe njia huachana. Moja yaelekea Uvinza, nyingine yapanda kwenda Kasulu, na ya tatu yarudi Kigoma na Ujiji, ziwani. Watu wa njia panda hiyo hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza bunduki ni kitu gani. Vita vilipowaka Burundi mwaka 1993, kisha Kongo mwaka 1996, wakimbizi walivuka kwa maelfu na maelfu, wengi wao mikono mitupu. Lakini nyuma yao zilivuka pia bunduki za vita, zikaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kwa miaka mingi mabasi ya mkoa huo yalisafiri yakisindikizwa na askari wenye silaha, na abiria walisali rozari zao kimoyomoyo toka stendi hata stendi.

Ndipo lilipozaliwa swali ambalo mpaka leo halijafa: ikiwa mwizi anayo bunduki, kwa nini baba mwenye nyumba asiwe nayo? Na kwa nini raia wasiunde chama cha kuidai haki hiyo, kama walivyofanya Wamarekani? Swali hili si la kipumbavu, wala waulizao si watu wa fujo. Yatupasa kulijibu kwa heshima.

Tuanze na lile lisilo na ubishi. Kanisa halikumfundisha mtu kamwe kwamba akae akitazama watoto wake wakichinjwa. Mt. Tomaso wa Akwino alieleza, yapata miaka mia saba na hamsini iliyopita, kwamba tendo la kujikinga laweza kuwa na matokeo mawili, yaani kuokoka kwa mmoja na kufa kwa mshambulizi. Aliyekusudia kuokoka tu hana hatia, mradi asitumie nguvu kupita kiasi kinachohitajika. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yaongeza kwamba kwa mtu mwenye dhamana ya maisha ya wengine, kinga hiyo yaweza kuwa wajibu mzito. Walakini tuangalie vema. Haki inayotajwa hapo ni haki ya kulinda uhai. Haki ya kuwa na chombo fulani ni jambo jingine, nalo hutoka katika ile ya kwanza kama vile ruhusa ya kuendesha gari inavyotoka katika haki ya kusafiri. Hakuna azaliwaye na leseni mkononi. Hata Mitume walikuwa na panga mbili usiku ule wa Alhamisi Kuu, na Petro alipoutumia wake aliambulia sikio la mtumishi na karipio la Bwana.

Pwani hii ya Tanganyika imekwisha kuona silaha za kila namna. Katika karne ya 19 bunduki zilipanda toka bahari, zikapitia Tabora hata Ujiji, zikawa nguvu ya akina Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye jina lake lilitetemesha vijiji vya kandokando ya ziwa. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, nao wakatambua upesi kwamba watumwa waliokombolewa hawatakaa salama pasipo mlinzi. Kardinali Lavigerie akamtuma Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, akawafundisha wenyeji kuvilinda vijiji vya Mpala na Mrumbi, ng'ambo ya ziwa. Hatuoni haya kumtaja. Vita vilipokwisha hakugeuka kuwa bwana wa bunduki: alikuwa ameoa binti wa nchi, akafundisha katekisimu, akatibu wagonjwa, akafa mzee huko huko mwaka 1927.

Lakini haki itendeke pande zote. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalipatana mjini Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na kweli ilikuwa hivyo. Ila kweli pia ni kwamba Mwafrika asiye na bunduki alitawaliwa kwa urahisi zaidi. Basi anayeitazama kwa shaka sheria ya silaha, na kuuliza imetungwa kwa faida ya nani, hoja anayo.

Sasa tuwatazame hao Wamarekani. Chama chao, National Rifle Association, kilianzishwa New York mwaka 1871 na maofisa wawili waliotoka katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, William Church na George Wingate, ambao walikuwa wamesikitishwa kuona askari wao hawajui kulenga shabaha. Kwa miaka mingi kilikuwa chama cha mashindano, uwindaji na mafunzo. Hata Rais Kennedy, Mkatoliki, alikubali uanachama wa maisha. Naye aliuawa mwaka 1963 kwa bunduki iliyonunuliwa kwa posta. Sheria ya mwaka 1968 ilipozuia ununuzi wa namna hiyo, wanachama waligawanyika: wengine walikuwa tayari kuivumilia, wengine waliona nyumba yao inavunjwa. Mwaka 1977, katika mkutano wa Cincinnati, hao wa pili wakiongozwa na Harlon Carter waliwaondoa wakubwa wa zamani usiku mmoja, na toka hapo chama cha shabaha kikawa chama cha siasa. Kikawapa wabunge alama kama mwalimu anavyosahihisha madaftari, na aliyepata alama mbaya alijua kwamba kura na fedha zitamwendea mpinzani wake. Mwaka 1980 kikamuunga mkono Reagan, mara yake ya kwanza kumpendekeza mgombea wa urais. Mwaka 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Miezi minne baadaye mswada wa kuchunguza zaidi wanaonunua bunduki ulipata kura 54 katika Baraza la Senate, na kwa kuwa zilihitajika 60, ukaanguka. Kiongozi wa miaka mingi, Wayne LaPierre, alijiuzulu mwaka 2024, na mwezi uliofuata wazee wa baraza la mahakama New York walimwona amezitumia vibaya fedha za chama.

Kosa la chama hicho, kadiri tunavyoona sisi, halikuwa kupenda bunduki. Kosa ni kwamba kilianza kula hofu. Chama kinachoishi kwa ada za watu wenye hofu hakiwezi kutaka hofu hiyo ipungue. Lazima kila mwaka awepo adui mpya mlangoni. Na hofu ilizaa nini? Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Baba alinunua silaha kwa ajili ya mwizi, lakini aliyeichukua ni kijana wake katika usiku wa huzuni.

Je, sisi hatukuwahi kuwa na chama chetu? Tulikuwa nacho, tena hakikununua hata risasi moja. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakawa na nguvu kuliko wenye ng'ombe. Polisi walikuwa mbali, na wengine, tuseme kweli, walikuwa karibu mno na wezi. Ndipo mwaka 1981 na 1982 Wasukuma na Wanyamwezi wa upande wa Kahama walipojipanga kijiji kwa kijiji, kwa upinde na mishale, wakajiita Sungusungu, jina la wale chungu weusi wanaouma. Wakachagua mtemi wao na makamanda wao. Yowe likipigwa, kila mwanamume hutoka, na asiyetoka hulipa faini. Wizi ukapungua sana.

Siasa haikuweza kuwafumbia macho. Mahakimu na polisi walinung'unika kwamba watu hawa wanakamata na kuhukumu pasipo sheria. Mwalimu Nyerere na Chama cha Mapinduzi waliona humo nguvu ya wananchi wenyewe, wakawatetea. Na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili nao wapate mamlaka ya kukamata. Jina lao likasafiri hata kambi za wakimbizi za Kigoma, ambako walinzi wa kambi waliitwa vivyo hivyo. Wakulima wenye mishale walibadili sheria ya nchi bila kumpa mbunge senti, kwa sababu walifanya kazi ambayo dola ilishindwa kuifanya.

Tungependa kuishia hapo, lakini hatuwezi. Wale wale waliomkamata mwizi walimkamata pia bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, wakamwita mchawi. Wako waliofukuzwa, wako waliopigwa, wako waliouawa. Mtu aliyetengwa na kijiji hakusalimiwa wala kupewa moto, na hakuwa na mahali pa kukata rufani, maana mashahidi, mahakimu na askari walikuwa watu wale wale. Upande wa Kenya, huko Kisii, jina hilo hilo liliandamana na mauaji ya usiku, na mwaka 2010 serikali ililiweka katika orodha ya vikundi 33 vilivyopigwa marufuku. Tulikuwa tukidhani kwamba silaha ikishikwa na wengi haitadhulumu kama ile inayoshikwa na mmoja. Bibi yule asingekubaliana nasi.

Basi jibu letu kwa ndugu wa Kidahwe ni hili. Mlinde nyumba zenu, na mlinde pamoja, kwa zamu na kwa yowe. Lakini kila mnayemkamata afikishwe mbele ya mtu asiye jirani yake wala adui yake, ndani ya siku ile ile. Polisi wakichelewa, mlalamike kwa majina na tarehe, hata kwa mkuu wa mkoa, maana kodi mliyolipa imenunua ulinzi huo. Lakini bunduki katika kila nyumba hatuwezi kuipendekeza. Sheria ya mwaka 2015 inampa nafasi raia anayeihitaji kweli aombe leseni, naye aombe kwa njia iliyo wazi. Leseni hiyo ni ya mtu, si ya ukoo. Mwenyewe akifa, bunduki haigawanywi katika mirathi pamoja na jembe na baiskeli. Mjane asiifiche chini ya kitanda akimngojea mwana mkubwa arudi, bali wazee wawili waichukue pamoja na risasi zake, waipeleke kituoni na kudai hati ya mapokezi, kabla ya kuondoa matanga.