Kabla Hujaivaa Hiyo Shuka

Mwanangu, nimesikia umeitwa odisheni, na nafasi yenyewe ni ya mlinzi Mmaasai: shuka nyekundu, rungu, Kiswahili cha kuvunjikavunjika, basi. Unataka nikwambie kama ukubali. Sitakukataza. Kodi ya nyumba hapa Kitengela haimngoji mtu apewe kuigiza mfalme, na mimi nimelea watoto kwa nafasi ndogo kuliko hiyo. Ila nisikilize kwanza, maana wewe mzaliwa wa Kajiado utaivaa shuka hiyo mbele ya watu wanaoivaa kila siku.

Kuchekesha kwa lafudhi ndiyo njia rahisi kuliko zote katika nchi yetu. Sisemi ni haramu. Marehemu Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, alikuwa Mkikuyu, naye aliigiza Mjaluo miaka nenda miaka rudi hadi watu wakaapa kwamba kwao ni Nyanza. Lakini mwondolee Ojwang' lafudhi yake uone kinachobaki: mzee mwenye makuu, mbishi, anayebishana na mkewe Mama Kayai na kushindwa nyumbani kwake mwenyewe. Kuna mtu pale. Charles Bukeko naye alipata nafasi kama hiyo yako, ya mlinzi wa getini. Mhusika wake, Papa Shirandula, analinda lango, lakini anamficha mkewe kazi anayofanya ili aonekane mtu wa ofisi. Aibu hiyo moja ilibeba kipindi kwa miaka mingi, kwa sababu kila mtaa una baba anayebadilisha nguo kabla ya kufika kwake.

Basi huyo mlinzi wako anaitwa nani? Mwisho wa mwezi anatuma pesa Bissil au Namanga? Aliuza ng'ombe wa mwisho lini, na nani alimshauri? Kama mwandishi hajui, jua wewe, na huna haja ya kumwambia mtu. Itaonekana kwenye mabega yako.

Na usiende kujifunza kwenye simu. Nyinyi mnatazama tamthilia za Kituruki na za Kikorea hadi usiku wa manane, na siwalaumu. Sisi tulikuzwa na filamu za Kihindi. Kinachonichosha ni kumwona kijana wa Isinya akilia kana kwamba msiba umetokea Istanbul. Nenda soko la mifugo Bissil, ukae kando. Mtazame mnunuzi akimkaribia mbuzi anayemtaka: mkono unapapasa mgongo kutafuta nyama, vidole vinabonyeza karibu na kiuno, lakini macho yanatazama malori kule mbali kama mtu aliyepotea njia. Mwenye mbuzi naye anajifanya anaongea na jirani. Hakuna anayesema neno la maana kwa muda mrefu, na bei tayari imeanza kupanda. Hilo ni somo zima la uigizaji, tena la bure, ukitoa pesa za chai.

Usidharau pia kazi ya kuigiza vitabu vya mtihani. Wenzako wanaiona ya chini kwa kuwa haina kamera. Sisi tumezunguka shule na Kifo Kisimani, kisha Mstahiki Meya, kisha Kigogo, tumebanana kwenye matatu moja pamoja na mapazia na viti vya ufalme. Bwalo la shule ndilo jukwaa lisilo na huruma. Kidato cha nne wamefungua vitabu, wanafuata mistari kwa kidole. Ruka sentensi moja usikie watakavyoguna. Mvua ikipiga mabati, utaijua sauti yako ilivyo.

Sasa nyumbani, ambako wengi wetu tumeumia. Niliwahi kuigiza mlevi msimu mzima, na mtoto wangu akawa anataniwa shuleni kwamba babake hulala mtaroni. Nilimpeleka tulipokuwa tukirekodi, nikamwonjesha kilichokuwa ndani ya chupa: chai ya rangi iliyopoa. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwacheka wenzake. Mwenzi wako naye mwonyeshe skripti mapema; habari za kitanda cha kuigiza asizipate saluni. Na ukichukua kicheko cha shangazi au mwendo wa babu, kiasi tu, asije akajitambua mbele ya wageni.

Kuhusu pesa nitasema machache. Malipo ya siku ni ya saa ngapi? Kipindi kikirudiwa, wewe unapata nini? Uso wako ukiingizwa kwenye tangazo je? Uliza kabla ya kutia sahihi, kisha ujisajili kwenye chama kinachokusanya mirabaha ya waigizaji. Wakikata ile asilimia 5 ya kodi, dai cheti chake. Kitengela ni mji wa ploti, na hundi yako ya kwanza nene italeta dalali mwenye ploti ya hamsini kwa mia. Lipa bima ya afya ya SHA ya mwaka kwanza. Mzee Ojwang' alijulikana nchi nzima, na bado mashabiki walilazimika kuchanga atibiwe macho. Alituacha Julai 2015. Kila nikimkumbuka nakasirika upya.

Vilima vyetu vya Ngong vilionekana kwenye Out of Africa, filamu ya 1985, na ukiniuliza mimi, vilipewa nafasi kubwa kuliko wenyeji wake. Wewe una mdomo, vilima havina. Siku ya odisheni toka Kitengela saa kumi na moja alfajiri, maana ukikwama Mlolongo hakuna mwongozaji atakayekusubiri. Wakikutaka uvunje Kiswahili, kivunje kama ulivyoombwa, wapate walichotaka. Kisha omba ufanye mara ya pili: mlinzi huyohuyo akiwa kwenye simu na mama yake, kwa Kimaasai safi, akimdanganya kwamba amekula.