Muzee na Wimbo Wake Mpya

Katika rumba ya Kongo hakuna kustaafu. Mwimbaji Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akiwa na miaka 66, wacheza shoo wakiendelea nyuma yake kwa sababu hawakujua kilichotokea. Hapa Goma nilisikia wengi wakisema amekufa kifo kizuri, kifo cha mwanamuziki. Mimi maneno hayo hayanikai vizuri mpaka leo.

Yalinirudia usiku mmoja pale mtaa wa Himbi, kabla ya Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa bado hawajauchukua mji na watu wanatoka usiku kwenda kusikiliza muziki. Aliyekuja kuimba ni muzee mmoja aliyepitia orkestra za Kinshasa enzi za Mobutu. Jina lake nalihifadhi, maana ana wajukuu mjini na nisemayo hapa si ya kumchongea. Matangazo yalisema saa mbili; gitaa la kwanza lililia saa nne na zaidi, kama ada. Meza za mbele walikaa wafanyabiashara wa Birere na wake zao. Nyuma walijaa vijana waliozijua nyimbo zote bila kuwahi kununua hata moja, maana walizisikia kwa mama zao wakifua nguo.

Alitoka kwa suti nyeupe, viatu vinang'aa kuliko taa. Sauti za juu aliwaachia vijana wawili waliosimama kando yake, na pale waliposhindwa tuliziimba sisi. Sebene, ile sehemu ya gitaa na kucheza, ilipoanza hakucheza. Alipandisha bega la kushoto mara moja tu, ukumbi mzima ukasimama.

Katikati ya nyimbo alitoa karatasi mfukoni akataja majina: fulani wa vitenge, fulani wa magari. Kila aliyetajwa alipanda akambandika dola kwenye paji la uso. Jirani yangu mezani alinung'unika kwamba muzee anaombaomba. Nilimwuliza ni mwenye baa gani hapa mjini aliyewahi kusema kwamba amelipia haki ya mtunzi kabla ya kupiga wimbo. Akanywa bia yake. Mabanga, huko kutaja majina kwa malipo, ndiyo pensheni ya mtu huyu, na tena inalipwa papo hapo, jambo ambalo walimu wengi wa nchi hii wangelitamani.

Kisha akaagiza kiti. Akawaambia wapiga ngoma wapumzike, akabaki na gitaa moja, akaanza wimbo ambao hakuna aliyeujua. Ulikuwa wa mwanaume anayeamka usiku wa manane akitafuta viatu vyake, halafu anakumbuka kwamba hakuna mahali anapongojewa. Sauti ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo, na haikuhitaji msaada wa kijana yeyote. Kwa mara ya kwanza usiku ule alikuwa anaimba kitu kinachomtosha. Nusu ya watu walikwenda kutafuta bia. Mmoja akapaza sauti akitaka ule wa zamani. Ubeti wa pili haukuisha. Muzee alicheka, akasimama, akawapa walichotaka.

Hapo nikamfikiria mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013 bila mtu kujua kwa hakika alizaliwa mwaka gani. Yeye mwenyewe alisema ni wakati wa rupia. Hakuna aliyemtaka aimbe kama msichana. Alikuwa akifundisha wari unyagoni, na kazi hiyo huwezi kumpa mtoto: uzee ndio cheti chake. Rumba yetu imejengwa juu ya mapenzi, mavazi na kiuno, kwa hiyo mwimbaji wa miaka sabini bado analazimika kumlilia binti wa miaka ishirini, na sisi tunapiga makofi kana kwamba tunamwamini.

Lakini hata huku kwetu iliwezekana. Wendo Kolosoy, fundi wa mashine za meli aliyeimba "Marie-Louise" mwaka 1948, alisahauliwa kabisa, kisha miaka ya 1990 akarudi jukwaani akiwa mtu mzima wa kukaribia sabini. Sauti ilikuwa imechakaa, na hakuificha. Watu waliisikiliza ileile, hadi Ulaya, karibu mpaka alipofariki mwaka 2008.

Onyesho lilipokwisha nilimfuata mpiga gitaa alipokuwa akifunga nyaya zake, nikamwuliza kuhusu wimbo ule. Alisema muzee anazo nyingi za namna hiyo, anazitunga asubuhi kabla ya chai. Mwenye studio aliwaambia walete kitu cha kuchezeka kwanza.

"Na wewe unazionaje?" nikamwuliza.

"Papa, mimi ninazipenda. Lakini tangu nimejiunga naye hatujafika mwisho wa hata mmoja mbele ya watu."